Tabochaja katika Injini ya Dizeli ya Zamani: Funzo la Milima ya Upare

Mji wa Same uko kwenye kimo cha mita 860 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Shengena, kilicho kirefu kupita vyote katika Milima ya Upare, hufikia karibu mita 2,460. Katika miteremko iliyo baina ya tambarare na kilele hicho vimetawanyika vijiji vya Upare Kusini, kama vile Suji, Chome, Vudee, Mbaga na Mamba. Tangawizi, maharage na ndizi huteremshwa kutoka huko kwenda sokoni. Saruji, chumvi na madaftari ya shule hupandishwa. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya wilaya naye huteremshwa kwa barabara hizo hizo. Kwa wakazi wa milimani, gari linaloweza kupanda na kushuka kwa usalama ni jambo la maisha.

Magari mengi ya milimani ni ya dizeli, na baadhi yake yana umri mkubwa kuliko madereva wake. Gari la namna hiyo likiwa limejaza abiria na mizigo, dereva hulazimika kurudi gia ya pili, kisha ya kwanza, huku moshi mweusi ukitanda nyuma. Mwenye gari akilalamika, huenda akashauriwa afunge tabochaja, ambayo mafundi huiita tabo kwa kifupi. Je, ushauri huo una msingi wa kisayansi? Na injini ambayo haikubuniwa kwa ajili ya kifaa hicho itastahimili?

HEWA HUPUNGUA MLIMANI

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni hukandamiza hewa ndani ya silinda mpaka hewa hiyo ipate joto kali; kisha nozeli hurusha dizeli, nayo huwaka yenyewe. Ili gramu 1 ya dizeli iungue yote, huhitaji takribani gramu 14.5 za hewa. Lakini dizeli na hewa havipati muda wa kuchanganyika kikamilifu, na kwa sababu hiyo injini ya zamani huhitaji gramu 20 hivi za hewa kwa kila gramu ya dizeli ili isitoe moshi. Dizeli iliyokosa hewa ya kutosha haiungui yote. Sehemu yake hugeuka masizi, na hayo ndiyo moshi mweusi uonekanao mlimani.

Kanieneo ya hewa katika usawa wa bahari, kwa mfano mjini Tanga, ni kilopaskali 101. Same ni kilopaskali 91 hivi. Kwenye kimo cha mita 1,800 hushuka hadi 82 hivi. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili kwa sufuria ya maji na kipimajoto, kwani maji huchemka kwa joto dogo zaidi pale ambapo kanieneo ya hewa imepungua. Tanga maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, Same kwa nyuzi 97, na kwenye mita 1,800 kwa nyuzi 94. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva milimani.

Hebu tuchukue mfano wa injini ya lita 2.5 inayozunguka mara 2,000 kwa dakika. Injini hiyo huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo, ikiwa silinda zake hujaa kabisa, huvuta lita 2,500 kwa dakika popote ilipo. Ujazo haubadiliki, kinachobadilika ni uzito wa hewa iliyomo. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 25, lita hizo zina uzito wa kilo 3 hivi Tanga, kilo 2.7 Same, na kilo 2.4 kwenye mita 1,800. Kwa kiasi cha sehemu moja ya dizeli kwa sehemu 20 za hewa, injini iliyoweza kuunguza gramu 150 za dizeli kwa dakika ilipokuwa pwani, mlimani inaweza kuunguza gramu 120 tu.

Gramu 1 ya dizeli hutoa kilojuli 43 hivi za nishati. Gramu 150 kwa dakika ni sawa na kilowati 107 za joto. Ikiwa asilimia 30 ya joto hilo hugeuka kazi, injini hutoa kilowati 32. Kwa gramu 120, hutoa kilowati 26 tu. Sasa tuseme gari lenye uzito wa kilo 2,500, pamoja na abiria na mizigo, linapanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 8 za njia, kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Kuuinua uzito huo peke yake huhitaji kilowati 21. Zinazobaki ni 5 tu, nazo hazina budi kugharimia msuguano wa gia, upinzani wa matairi na mashimo ya barabara. Basi dereva anayerudi gia ya kwanza anatii hesabu hii, hata kama hajawahi kuiona ubaoni.

FUNZO LA WAHUNZI

Kwamba moto hutaka hewa si elimu ngeni katika Upare. Ukoo wa Washana wa Ugweno, Upare Kaskazini, ulisifika kwa ufuaji chuma zamani, na chuma chao kilifika hadi kwa Wachaga wa Kilimanjaro. Mhunzi hakutosheka na upepo uliojiendea kwenye makaa. Alivuta mivukuto akaisukuma hewa kwa nguvu kwenye kitovu cha moto. Makaa yale yale yaliyoweza kuivisha chakula tu yakapata joto la kulainisha chuma.

Injini ya dizeli isiyo na tabochaja ni kama jiko lisilo na mivukuto. Huvuta hewa kwa kushuka kwa pistoni tu, na kiasi ipatacho hutegemea kanieneo ya hewa iliyo nje. Tabochaja huisukuma hewa ndani ya silinda, ili ujazo ule ule ubebe hewa yenye uzito zaidi.

Tofauti ni kwamba mivukuto huvutwa kwa mkono, ilhali tabochaja huendeshwa na moshi ambao ungetupwa. Takribani theluthi moja ya nishati ya dizeli hutoka na moshi kupitia ekzosi. Wapare wanaufahamu vizuri ubaya wa kuacha kitu chenye manufaa kipotee. Kwa vizazi vingi wamechimba ndiva, yaani mabwawa madogo yanayokusanya maji ya mifereji usiku, wakati hakuna anayemwagilia, ili yatumike mashambani mchana. Tabochaja nayo huikamata sehemu ya nishati iliyokuwa ikipotea na kuitia kazini.

UMBO LA TABOCHAJA

Kifaa chenyewe kina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye ncha mbili za mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza limewekwa katika njia ya moshi. Moshi unaotoka kwa kasi hulizungusha. Gurudumu la pili limewekwa katika njia ya hewa safi. Kwa kuwa mhimili ni mmoja, nalo huzunguka, likavuta hewa kutoka kwenye chujio na kuisukuma kuelekea kwenye silinda. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hushikiliwa na beringi zinazoelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyo hutoka kwenye injini yenyewe.

Aliyepata hataza ya wazo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Ilipita miaka ishirini hivi kabla halijafanikiwa katika injini kubwa za meli. Katika meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilizoanza kazi katika miaka ya 1920, tabochaja ilipandisha uwezo wa injini ya dizeli kutoka nguvu-farasi 1,750 hadi 2,500.

Jaribio linaloihusu zaidi milima lilifanywa mwaka 1918. Mhandisi wa Marekani, Sanford Moss, aliibeba injini ya ndege hadi juu ya mlima Pikes Peak, kwenye kimo cha mita 4,300. Injini hiyo, ambayo ilitumia petroli, ilitoa nguvu-farasi 350 hivi katika nchi ya chini. Juu ya mlima ilitoa 230 tu. Ilipofungwa tabochaja, ilitoa 356. Tabochaja ilikuwa imerudisha kile ambacho mlima ulikuwa umekichukua.

HEWA IKIKANDAMIZWA HUPATA JOTO

Mwalimu anaweza kuonyesha tatizo la kwanza la tabochaja kwa pampu ya baiskeli. Mwanafunzi azibe tundu la pampu kwa kidole na kusukuma upesi mara kadhaa. Atahisi sehemu ya chini ya pampu ikipata joto. Hewa iliyokandamizwa na tabochaja hupata joto vivyo hivyo, na hewa yenye joto hutanuka, hivyo sehemu ya faida hupotea.

Tuseme gari liko Same, joto la hewa ni nyuzi 30, na tabochaja inaongeza kilopaskali 50 juu ya kanieneo ya nje. Kanieneo hupanda kutoka 91 hadi 141, yaani mara 1.55. Mtu angetazamia hewa iongezeke kwa asilimia 55. Lakini kwa tabochaja ya kawaida joto la hewa litapanda hadi nyuzi 90 hivi. Mwanafunzi akitumia kanuni ya gesi, huku akikumbuka kugeuza nyuzi za Selsiasi kuwa za Kelvini, atapata ongezeko la asilimia 29 tu. Hewa hiyo ikipitishwa kwanza katika kipoza hewa, ambacho kinafanana na rejeta ndogo, na kushushwa hadi nyuzi 50, ongezeko hufika asilimia 45. Kipoza hewa huongeza uzito wa hewa na pia hupunguza joto linaloingia kwenye silinda. Faida hii ya pili, kwa injini kuukuu, ni kubwa kuliko ya kwanza.

VIWANDA VILIFANYA NINI

Njia bora ya kujua injini itastahimili nini ni kuangalia wabunifu wake walifanya nini walipotaka kuiongezea tabochaja. Mwaka 1978 kampuni ya Mercedes-Benz ilitoa gari la 300SD, gari dogo la kwanza la abiria kuuzwa likiwa na injini ya dizeli yenye tabochaja. Injini yake ya silinda tano ilitokana na injini ya lita 3 isiyo na tabochaja. Hata hivyo wahandisi hawakufunga kifaa kipya nje na kuishia hapo. Waliimarisha krenkshafti, wakaweka valvu za moshi zenye sodiamu ndani ili zipoe upesi, wakaongeza ukubwa wa kipoza oili, na wakaweka mirija inayorusha oili chini ya kila pistoni ili kuipoza.

Mfano wa pili unayahusu magari yaliyozoeleka Tanzania. Mwaka 1984 Land Rover ilipata injini ya dizeli ya lita 2.5 iliyotoa nguvu-farasi 68. Mwaka 1986 ilitolewa injini ya ujazo huo huo ikiwa na tabochaja, nayo ilitoa nguvu-farasi 85. Nguvu ya kuzungusha ilipanda kutoka nyutoni-mita 155 hadi 203, ongezeko la karibu theluthi moja. Hapa pia krenkshafti, pistoni na valvu za moshi zilibadilishwa. Hata baada ya mabadiliko hayo, injini za mwanzo zilipata matatizo ya pistoni na bloku kupasuka, na marekebisho zaidi yakafuata.

Mfano wa tatu ni wa Toyota. Injini ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, ilianza kutumika katika Land Cruiser mwaka 1990 bila tabochaja. Mwaka huo huo kampuni ilitoa injini nyingine ya ujazo ule ule yenye tabochaja, 1HD-T. Katika 1HZ, hewa hukandamizwa karibu mara 22, na dizeli hurushwa kwanza katika chumba kidogo kilichomo ndani ya silinda hedi. Katika 1HD-T, hewa hukandamizwa chini ya mara 19, na dizeli hurushwa moja kwa moja juu ya pistoni. Sababu ni rahisi kuielewa. Hewa inayoingia ikiwa tayari imekandamizwa na tabochaja, kisha ikakandamizwa tena mara 22, kanieneo ndani ya silinda huwa kubwa mno, na gasketi, hedi na beringi hubeba mzigo usiokusudiwa. Vile vyumba vidogo navyo hukusanya joto jingi, na hedi inaweza kupata nyufa kando yake.

HEWA KWANZA, DIZELI BAADAYE

Mifano hii haisemi kwamba injini ya zamani haiwezi kufungwa tabochaja. Inaonyesha kwamba kiasi ndicho kitakachoamua kama injini itadumu.

Injini ya petroli ikipewa mafuta machache mno kulingana na hewa, huweza kupata joto kupita kiasi. Injini ya dizeli ina tabia tofauti. Dizeli ikibaki ile ile na hewa ikaongezeka, moshi mweusi hupungua na joto la ekzosi hushuka, kwa kuwa joto lile lile limegawanyika katika hewa nyingi zaidi. Hatari huanza fundi anapoifungua skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke. Hapo ndipo nguvu huongezeka kweli, na hapo ndipo joto hupanda. Pistoni nyingi ni za alumini, na alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Moto ulio juu ya pistoni ni mkali kuliko huo kwa mbali, na pistoni husalimika kwa sababu tu moto huwaka kwa muda mfupi, kisha oili na maji huondoa joto. Mlima mrefu unaopandwa kwa nguvu zote kwa nusu saa huipunguzia injini nafasi ya kupoa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kufunga kifaa chenyewe, fundi mwangalifu hupima mkandamizo wa kila silinda, kanieneo ya oili, hali ya rejeta na hali ya nozeli. Injini iliyokwisha kuchoka haiponywi kwa tabochaja. Baada ya kuifunga, huweka kipimajoto katika njia ya moshi kabla ya tabochaja, na mafundi wengi huchukua nyuzi 700 kuwa mpaka usiofaa kupitwa kwa muda mrefu. Huweka pia kipimo cha kanieneo ya hewa, na huzingatia kwamba katika hewa nyepesi ya mlimani tabochaja hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia kanieneo ile ile.

Utunzaji nao hubadilika. Vumbi la tambarare ya Same likipita kwenye chujio lililotoboka, hula mapanga yanayozunguka kwa kasi hiyo kubwa. Oili haina budi kubadilishwa kwa wakati, kwani beringi za tabochaja huitegemea. Aidha, dereva anapofika mwisho wa mpando hatakiwi kuzima injini papo hapo. Aiache inguruma polepole kwa dakika moja au mbili, ili oili iendelee kupita na kuupoza mhimili.

KUSHUKA

Jambo moja husahaulika mara nyingi. Gari lililopanda ni lazima lishuke, na tabochaja haiongezi nguvu ya breki. Gari lililozoea kupanda na mzigo mdogo kwa sababu ya udhaifu wa injini likipewa nguvu mpya, mwenyewe huvutiwa kulipakia zaidi. Kilo 2,500 zinazoteremka mita 1,000 hutoa nishati ya kilojuli 24,500, ambayo breki na injini hazina budi kuigeuza joto. Mzigo ukiwa kilo 3,500, nishati hiyo hufika kilojuli 34,300, na breki ni zile zile. Fedha ya kwanza yafaa itumike kwenye breki, klachi na rejeta, tabochaja ifuate.

Kwa gari linalohudumia vijiji vya Upare, lengo la busara ni dogo na linaweza kufikiwa. Kwenye mita 1,800 hewa imepungukiwa na kilopaskali 20 hivi ikilinganishwa na Tanga. Tabochaja ndogo inayorudisha kiasi hicho na kuzidi kidogo, bila kuongeza dizeli kupita kile ambacho injini iliunguza ilipokuwa pwani, huifanya injini ipumue mlimani karibu kama ilivyopumua pwani. Moshi hupungua, abiria hufika, na injini haibebeshwi mzigo ambao wabunifu wake hawakuukusudia. Anayetaka nguvu zaidi ya hapo anahitaji injini iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya tabochaja, yenye pistoni na hedi zake.

Wanafunzi wa shule zilizo milimani wanaweza kuanza kazi hii kwa vipimo vyao wenyewe: wapime joto la maji yanayochemka shuleni kwao, watafute kanieneo ya hewa ya mahali hapo katika jedwali, kisha wakokotoe injini ya lita 2.5 hukosa gramu ngapi za hewa kila dakika inapopita mbele ya lango la shule.